Otomesheni ya shughuli za biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye duka la jumla, msambazaji, mhasibu, au meneja wa kampuni ndogo na ya kati. Mifano mingi ni ya Dar maana ndo biashara ninayoijua, ila wa Mwanza au Nairobi utajiona humo humo.

Otomesheni ni nini hasa? Kila muuza programu ana maelezo yake

Ni kuipa programu kazi inayojirudia kwa kanuni ileile, ili isogee toka hatua moja hadi nyingine bila kumsubiri mtu akumbuke. Oda imeingia, mfumo unacheki stoo kama mzigo upo, unacheki mteja anadaiwa shilingi ngapi, unatoa invoisi, unampa dereva taarifa, na wewe uko kwenye foleni ya Tazara hujui lolote na wala hutakiwi kujua. Sio lazima kuwe na roboti, sio lazima akili bandia (AI).

Na umeshaitumia sana tu. Ukinunua LUKU usiku wa manane tokeni inakuja hapo hapo, hakuna mtu wa TANESCO aliyeamshwa. Ukilipia kitu cha serikali kwa kontroli namba ni hivyo hivyo. Zamani, kabla mfumo wa malipo ya serikali, GePG, haujaanza mwaka 2017, unaenda benki, unapanga foleni, unarudi ofisini na karatasi ya benki mkononi, na karani naye ana muda wake wa kuandika risiti. Siku hizi unalipa na ofisi inajua. Sasa angalia kilichofanya kazi pale: namba moja imebeba nani analipa, analipia nini na kiasi gani. Hiyo ishike, itakuja kutusaidia kwenye malipo ya simu.

Watu wangu wanachapa kazi, hawakai bure. Faida itatoka wapi?

Wao hawakai, inayokaa ni oda. Hapa ndo wenye biashara wengi hesabu inawatoka, wanaangalia mikono ya watu badala ya kuangalia karatasi imelala wapi.

Tuchukue msambazaji wa sabuni na vinywaji Kariakoo. Mteja wa Mbagala kaandika oda WhatsApp saa tatu asubuhi. Dada wa oda anaiona saa nne maana alikuwa kaunta, anaiandika kwenye daftari. Saa sita daftari linafika stoo, mtu wa stoo anasema hizi katoni sina uhakika, ngoja nihesabu. Saa nane inafika kwa mhasibu, mhasibu anaona mteja ana deni la mwezi uliopita, hawezi kuachia mzigo mpaka bosi aruhusu, bosi yuko Kibaha na simu haipokelewi. Kesho yake asubuhi bosi anasema "mpe tu, huyo namjua". Invoisi inatoka saa tano, gari la Mbagala limeshaondoka tangu saa mbili. Mzigo unafika siku ya tatu.

Haya, jumlisha kazi yenyewe: kuandika oda dakika 5, kuhesabu katoni 10, kucheki deni 3, kutoa invoisi 5, ruhusa ya bosi hata dakika haifiki. Nusu saa haijatimia. Muda wote uliobaki, siku mbili hizo, ni kusubiri tu. Ukimkimbiza yule dada aandike kwa kasi mara mbili umeokoa dakika mbili na nusu. Lakini ukiweka mfumo unaojua deni la kila mteja, wenye kanuni kwamba anayedaiwa chini ya kiasi fulani na hajapitisha siku 30 aachiwe mzigo bila kuuliza, umeokoa karibu siku nzima na hujamkimbiza mtu.

Sawa, nianzie wapi?

Fuata oda moja. Ya kweli, sio ya mfano. Tembea nayo, andika saa ilipofika kila meza na saa ilipoondoka. Rudia kwa oda nyingine kadhaa, na uhakikishe kuna hata moja iliyoharibika, yaani mzigo ulirudi au mteja alilalamika, maana hizo ndo zinaonyesha njia za panya. Mara nyingi utakuta imelala kwako bosi. Samahani, ila ndo hivyo, saini yako ndo foleni ndefu kuliko zote.

Kabla hujanunua chochote futa hatua zisizo na kazi. Saini ambayo anayesaini hasomi, daftari la pili linalonakili la kwanza, fomu iliyoletwa kwa sababu kuna mwaka mtu aliiba dizeli na tangu hapo madereva wote wanaijaza na hakuna anayeifungua. Ukiingiza vurugu kwenye mfumo utapata vurugu ile ile, sema sasa itakuwa na kasi na itachapishwa kwa rangi.

Halafu chagua kazi moja. Iwe inajirudia kila siku, kanuni zake zinajulikana, na inagusa hela. Kwa wengi ni invoisi na kufuatilia madeni. Kampuni inayotoa invoisi 40 kwa siku na kila moja inakula dakika 12 kuandika, kukagua na kutuma, hiyo ni dakika 480, masaa nane, mtu mzima kamaliza siku yake hapo. Usianze na kazi ambayo kila ukiuliza unajibiwa "inategemea", kama kupanga bei ya mteja mkubwa. Hiyo muachie binadamu.

Hela zinaingia kwa simu nyingi sana, nitajuaje nani kalipa nini?

Hili swali linakuja kila mahali na lina haki yake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania 2008, na tangu hapo wateja wamezoea kulipa popote walipo, ila kwenye kampuni nyingi bado kuna mtu anashika simu ya ofisi, anasoma meseji moja moja na kutafuta jina kwenye daftari. Jina la kwenye meseji ni la shemeji yake mteja. Au kalipa mara mbili. Au kalipa invoisi tatu kwa mkupuo, akapunguza kidogo, hakusema.

Dawa ni ile ya kontroli namba: malipo yabebe namba ya oda. Lipa namba ya kawaida ya dukani mteja anaweka kiasi tu, haibebi kumbukumbu yoyote, ni nzuri kwa anayenunua soda akaondoka. Kwa wateja wa mkopo tumia malipo ya namba ya kampuni, yale ambayo menyu inauliza "weka namba ya kumbukumbu", na kumbukumbu iwe namba ya invoisi. Kenya tofauti ni hiyo hiyo kati ya Till na Paybill. Ukishafika hapo unaunganisha mfumo wako na mtandao wa simu au benki, malipo yanapoingia yanajipachika kwenye invoisi yake, deni linashuka, mzigo unaachiwa. Yasiyo na kumbukumbu yanaenda kwenye kapu la kuangaliwa na mtu. Kapu hilo halitaisha kabisa, watu ni watu, ila badala ya kuhangaika na miamala yote mhasibu anahangaika na ile michache iliyokosa baba.

Faida nyingine huwa haisemwi. Kama mauzo yako ya mkopo ni milioni 10 kwa siku na invoisi zinachelewa kutoka siku mbili, una milioni 20 zimelala nje muda wote, kila siku ya mwaka, na huenda kwenye benki unalipia riba mkopo wa kiasi hicho hicho. Invoisi ikitoka siku ile ile, mteja naye anaanza kuhesabu siku zake mapema.

Mambo ya kodi, TRA na KRA, je?

Huku otomesheni ilikuja yenyewe, hukuulizwa. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zilianza Tanzania mwaka 2010 kwa wafanyabiashara wa VAT, siku hizi kuna VFD ambayo ni programu, inaongea na mfumo wako wa mauzo na risiti inatoka bila mtu kupiga tena zile namba kwenye mashine. Kama bado mtu wako anatoa invoisi kwenye kompyuta halafu anaiandika upya kwenye EFD, kazi moja inafanywa mara mbili na siku moja tarakimu zitapishana, ukaguzi ukija utajieleza. Kenya ni eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliki kupunguzwa kwenye kodi ya mapato ukitoa zile chache zilizosamehewa, kwa hiyo hata kama wewe umejipanga lakini muuzaji wako hajajipanga, unaumia wewe.

Mishahara?

Ni sehemu nzuri ya kuanzia kwa kampuni yenye watu wengi, maana kanuni zake zimeandikwa na tarehe haziogopi mtu: PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, Tanzania inatakiwa ifike tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Faida unaiona zaidi viwango vikibadilika. Julai 2021 kiwango cha chini cha PAYE kilishuka toka asilimia 9 hadi 8, Julai 2023 SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ikashuka toka 4 hadi 3.5. Kwenye mfumo unabadilisha sehemu moja. Kwenye Ekseli yenye shiti ya kila tawi unabadilisha zote, na ya Dodoma utaisahau.

Washindani wangu wana mtaji mkubwa kuliko mimi, hii itanisaidia nini?

Kwenye bei hutawashinda, wao wananunua kontena zima. Unaweza kuwashinda kwenye kujibu. Mteja wa rejareja anayeulizia "mzigo upo?" anauliza watu watatu kwa wakati mmoja, anayejibu kwa uhakika wa kwanza ndo anapata oda, na neno lenyewe ni uhakika, maana kujibu upo halafu mzigo usiwepo ni vibaya kuliko kukaa kimya. Kampuni kubwa mara nyingi zina ngazi nyingi za saini kuliko wewe, kwa hiyo mdogo mwenye stoki inayojulikana dakika hii anaweza kuwa mwepesi kuliko mkubwa.

Kuna pia mlango ambao bila mifumo huingii kabisa. Supamaketi, hoteli kubwa, migodi, mashirika, hawa wanalipa kwa kulinganisha LPO (karatasi yao ya kuagiza mzigo), delivari noti na invoisi, vitu vyote vitatu visome sawa. Invoisi ikisema katoni 50 na delivari noti 48, malipo yanasimama, na hakuna wa kumpigia akusaidie kwa sababu upande wao nako ni mfumo ndo umekataa. Mwenye makaratasi ya mkono anasimamishiwa malipo mara kwa mara mpaka mtaji unakauka, anasema mteja ni mbaya.

Kwa hiyo nitapunguza watu?

Wengine wanapunguza, tusidanganyane. Ila kwenye biashara za ukubwa huu mara nyingi kazi ipo, imekosa mtu wa kuifanya. Yule aliyekuwa anaandika invoisi siku nzima anajua wateja wote kwa majina na anajua nani mgumu kulipa, mpe madeni sugu ayafuatilie, au mpe wateja waliopotea awapigie. Ukimtoa unatoa na kichwa chake.

Waambie mapema, tena uwe wazi. Wakisikia kwenye korido kwamba mfumo unakuja kula nafasi zao watauua, na wana njia nyingi: watatunza daftari la siri, wataingiza taarifa jioni kwa mkupuo, watasema "mfumo upo chini" hata kama uko juu. Kuna mwingine atapinga kwa sababu nyingine kabisa, kwamba mfumo unaonyesha kila punguzo limetolewa na nani. Huyo utamjua tu.

Mfumo ukikosea je? Si utakosea kwa wateja wote kwa mpigo?

Ndiyo, na hili lisichukuliwe kirahisi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa inanunua na kuuza hisa kwa programu, iliweka toleo jipya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikabaki na programu ya zamani. Soko lilipofunguliwa ile seva moja ikaanza kumwaga oda ambazo hakuna aliyezitaka, na kwa kama dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Karani mmoja hata akikosea wiki nzima hawezi kufika huko.

Kuna kosa la pili ambalo kwangu ni baya zaidi, la kuamini mfumo kuliko mtu. Uingereza shirika la posta lilitumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa hela kwenye ofisi ndogo za posta, na kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wakati mfumo ndo ulikuwa na kasoro. Mpaka mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Sasa fikiria mtu wa stoo yako anasema "bosi, katoni zipo hizi hapa" na skrini inasema hazipo. Nenda stoo ukahesabu kabla hujamkata mshahara.

Wajapani walilifikiria hili zamani. Mashine ya kufuma ya Sakichi Toyoda ya mwaka 1924, huyu ni baba wa mwanzilishi wa Toyota, ilikuwa inasimama yenyewe uzi ukikatika. Na kwa sababu inajisimamisha, mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi badala ya kusimama mbele ya moja akiikodolea macho. Ndo kitu cha kudai kwa fundi wako: mfumo usimame kwenye jambo geni. Oda iliyozidi mara tano ya kawaida ya mteja, bei chini ya uliyonunulia, akaunti ya msambazaji iliyobadilishwa wiki hii, hizo zisipite kimya, zisimame zisubiri jicho la mtu. Na kuwe na mtu mwenye jina, sio "timu", anayejua kitufe cha kuzima kiko wapi.

Umeme na mtandao vikikatika?

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki na Tanzania ikawa kati ya zilizoumia sana. Aliyekuwa na mfumo wa mtandaoni peke yake alikaa anaangalia skrini. Ulizia kama programu inaweza kuuza bila mtandao na kupeleka taarifa ukirudi. Kama haiwezi, weka vitabu vya delivari noti vyenye namba tayari stoo, na watu wafanye mazoezi ya kuvitumia, sio mpaka siku ya balaa ndo mtu anauliza kalamu.

Ekseli si inatosha?

Inatosha mpaka watu wawili wanapotaka kuiandika kwa wakati mmoja. Dalili ya kwamba imekushinda ni faili linaloitwa "stoki mpya mwisho kabisa 2".

Na AI?

Kwenye kusoma invoisi za wasambazaji zilizopigwa picha, kupanga meseji za oda za WhatsApp zilizoandikwa ovyo, kuandika rasimu ya barua ya kudai deni, inasaidia kweli. Kuidhinisha malipo, hapana. Kanuni ya deni inatakiwa itoe jibu lile lile leo na kesho, na AI hiyo sio tabia yake. Acha isome, kanuni iamue, mtu aangalie zilizosimama.

Ninunue programu iliyopo au nitengenezewe?

Nunua iliyopo kwa yale ambayo kila mtu anafanya: hesabu, stoki, mishahara. QuickBooks na Tally zina mafundi wengi mjini, Odoo na ERPNext zina matoleo ya bure ambayo unalipia ufundi na mahali pa kuiweka. Kutengenezewa kuwe kwa kile kidogo ambacho ni chako tu, kama jinsi unavyogawa njia za magari. Vyovyote iwavyo, kabla ya kusaini uliza je naweza kuchukua taarifa zangu zote nikaondoka, na kwa faili gani? Fundi akianza kuzunguka hapo, ondoka. Uliza pia kama akaunti ya seva imesajiliwa kwa jina la kampuni yako au kwa barua pepe yake binafsi, maana siku mtakapogombana hilo ndo litakuwa swali pekee.

Taarifa za wateja nikizikusanya kuna shida ya kisheria?

Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na unatakiwa ujisajili kwa Tume yake. Kenya wana ya 2019. Kwa kifupi chukua unachohitaji tu, kila mfanyakazi awe na nywila yake, na anayeacha kazi afungiwe siku ile ile.

Nitajuaje kama imelipa?

Pima kabla. Watu hawapimi, halafu baada ya mwaka wanabishana kwa hisia. Andika namba tatu leo: masaa toka oda mpaka mzigo kutoka, siku toka mzigo kutoka mpaka hela kuingia, na oda ngapi kati ya 100 zinarudi au zinalalamikiwa. Baada ya miezi mitatu zipime tena. Usipime idadi ya ripoti, mfumo wowote unatoa ripoti hata usizoomba.

Inachukua muda gani mpaka watu wazoee?

Kwa kazi moja, panga ipite angalau mwisho wa mwezi mmoja kamili, na daftari likiendelea sambamba, maana mwisho wa mwezi ndo matatizo yote yanajitokeza. Mkifunga hesabu na vyote viwili vikasoma sawa, funga daftari siku hiyo hiyo na ulipeleke nyumbani kwako, likibaki ofisini watu watarudi kwenye daftari. Usiwashe mfumo mpya Desemba, wala wiki ya kuelekea Idi.